Uwanja wa gofu unaoonekana wa bandia: dalili, vyanzo na marekebisho

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaochora viwanja katika vihariri vilivyomo ndani ya michezo ya gofu ya kompyuta, hasa vile vya ukoo wa The Golf Club, mchezo uliotolewa mwaka 2014 na kampuni ya HB Studios ya Kanada na ambao unaendelezwa leo kwa jina la PGA TOUR 2K. Majina ya vitufe hubadilika toleo hadi toleo, ilhali kazi zenyewe zinabaki zilezile: kuna brashi ya kuinua na kushusha ardhi, brashi ya kulainisha, mistari yenye nukta za kuchorea kingo za nyasi, ghala la miti na vitu, na kipimo kinachoonyesha nafasi ya kumbukumbu iliyobaki. Kwa sababu hiyo nitaeleza kazi na kuacha vitufe.

Kuhusu istilahi, nitatumia maneno kama yanavyotamkwa viwanjani. Shimo ni njia nzima ya kuchezea kutoka tii hadi grini, na tii ni jukwaa ambapo mpigo wa kwanza hupigwa. Feawei ni ukanda wa nyasi zilizokatwa ambao mchezaji anatakiwa aufuate. Rafu ni nyasi ndefu za pembeni. Banka ni mtego uliochimbwa na kujazwa mchanga. Na grini ni eneo la nyasi fupi kabisa lenye kitundu na bendera.

Kabla ya kusoma dalili yoyote

Mtu anapolalamika kwamba uwanja wake hauonekani wa kweli, kwa kawaida hulaumu miti, rangi ya nyasi au umbo la mabanka. Kwa uzoefu wangu lawama hizo hukosea mlango. Chanzo huwa ardhini, na mara nyingi miti imewekwa ili ifiche kasoro ambayo ingepaswa kuondolewa. Kwa hiyo hifadhi nakala ya uwanja wako, futa miti na vitu vyote katika nakala hiyo, teremsha jua mpaka vivuli viwe virefu, pandisha kamera hadi kimo cha mita 100 hivi, kisha ujiulize swali moja tu: mvua ya masika ikinyesha hapa kwa saa mbili, maji yatapita wapi? Ukiweza kufuata njia yake kwa kidole juu ya skrini, kutoka mahali pa juu kabisa hadi yanapotokea nje ya mpaka wa kiwanja, basi ardhi yako ni nzima na tatizo liko kwingine. Ukikwama njiani, anza na dalili inayofuata, hata kama hukuja hapa kwa ajili yake.

Uwanja unafanana na zulia lililofichiwa mito ya kulalia chini yake

Feawei ni bapa, halafu ghafla kuna kilima cha mviringo, halafu ubapa tena. Vilima vyote vina upana unaokaribiana, na hakuna hata kimoja kinachoungana na kingine. Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake ni mpangilio wa kazi: mchoraji alipanga mashimo 18 juu ya ardhi tupu, akaja kuinua ardhi baadaye kwa brashi moja ya duara, akipiga chapa hapa na pale kama mtu anayepamba keki.

Ardhi ya kweli haikuinuliwa kwa namna hiyo. Sehemu kubwa ya nchi kavu tunayoijua ilichongwa na maji kwa kuondoa udongo, na vilima tunavyoviona ni kile kilichosalia kati ya bonde na bonde. Ukilielewa jambo hilo, utaacha kuchora vilima na utaanza kuchora mabonde. Chagua kwanza mahali pa chini kabisa, pale maji yatakapotokea nje ya kiwanja. Kutoka hapo, kwa brashi pana kupita zote na nguvu ndogo, chora bonde kuu likipanda kidogokidogo hadi upande wa pili. Kisha ongeza mabonde madogo yanayoingia katika lile kuu, yakiungana nalo kwa pembe inayoelekea maji yanakokwenda, kama vijiti vinavyoungana na shina, na kila moja likizidi kuwa jembamba na la kina kifupi kadiri linavyopanda. Kazi hii yote haichukui zaidi ya nusu saa, na ikishakamilika utaona kwamba migongo iliyobaki kati ya mabonde tayari inaonekana kama nchi fulani. Sasa ndipo upange mashimo.

Nchi gani? Hilo nalo lina masharti yake. Anayetaka uwanja wenye sura ya vitongoji vya kaskazini na magharibi mwa Nairobi akumbuke kwamba mito ya huko inashuka kutoka nyanda za juu za Kikuyu na Limuru ikielekea mashariki, mingi ikienda sambamba, kwa hiyo migongo ya ardhi nayo imelala sambamba. Mashimo ya uwanja wa aina hiyo yatafuata mgongo kwa urefu, au yatavuka kijito kutoka mgongo hadi mgongo, na mchezaji atapanda na kushuka mara nyingi. Anayetaka pwani ya Scotland ana ardhi ya tabia nyingine kabisa, kwa kuwa matuta ya huko yalijengwa na upepo juu ya mchanga. Hapo vishimo visivyo na njia ya kutokea vinaruhusiwa, maana mchanga hunywa maji palepale. Ukiweka kishimo kama hicho katika udongo mwekundu wa Nairobi, umechimba bwawa bila kujua. Swali la maji ni lilelile, jibu ndilo linalotofautiana.

Kuna kosa dogo linaloambatana na hili. Kamera ya mchezo, kama ilivyo ya televisheni, hulaza miteremko. Shimo la 10 la Augusta National, uwanja maarufu wa Marekani, linashuka takriban mita 30 kutoka tii hadi grini, na wengi waliolitazama kwenye televisheni kwa miaka wanashangaa wanapofika na kukuta kwamba wamesimama juu ya mteremko mkali. Mchoraji naye huinua mlima mpaka umridhishe machoni, kisha anaposimama kwenye tii anagundua kwamba ametengeneza genge. Usiamini jicho; soma namba za mwinuko ambazo kihariri kinakuonyesha, ugawanye tofauti ya kimo kwa umbali. Feawei inayozidi asilimia 15 kwa sehemu kubwa ya urefu wake ni ya kupandia mbuzi.

Grini inafanana na sahani iliyofunikwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu grini ndiyo sehemu ambayo mchezaji huitazama kwa ukaribu na kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote.

Shimo langu la saba lilikuwa la mipigo 3, mita 150, na grini yake ilikaa ubavuni mwa kilima kinachoteremka kutoka kushoto kwenda kulia. Nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya: nilisawazisha duara kwa brashi ya kubapisha, nikaliinua kidogo lionekane, nikalainisha kingo. Matokeo yalikuwa sahani iliyofunikwa juu ya mteremko. Kingo zilianguka sawasawa pande zote, hata upande wa mlimani, mahali ambapo ardhi ya kweli ingekuwa inapanda. Niliongeza vichaka nyuma yake, nikaongeza mabanka mawili, na sahani ikabaki sahani iliyozungukwa na vichaka na mabanka.

Tiba ilikuja nilipofuta vyote na kupima. Ardhi pale ilikuwa inashuka kwa asilimia 6 kutoka kushoto kwenda kulia. Grini ilikuwa na upana wa mita 28, maana yake ardhi ilishuka mita 1.68 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Grini nyingi za kisasa huwekewa mteremko wa asilimia 1 hadi 3 katika maeneo ya bendera, kwa hiyo niliamua kuiinamisha grini nzima kwa asilimia 2 kuelekea kulia, upande uleule ambao kilima kinashukia, na hivyo uso wake ukawa unashuka sentimita 56. Tofauti iliyobaki ni mita 1.12. Niliigawa nusu kwa nusu: nikachimba sentimita 56 kushoto, upande wa mlimani, nikajaza sentimita 56 kulia. Ndivyo mjenzi mwenye tingatinga angefanya, maana udongo anaouchimba upande mmoja ndio anaoujazia upande wa pili, na hakuna lori litakalohitajika.

Kisha nikarudi kwenye swali la maji. Maji ya kilima yangeshuka moja kwa moja hadi kwenye grini na kuifurika. Kwa hiyo upande wa mlimani nilipitisha mkondo mpana na wa kina kifupi, mita 6 kwa upana na sentimita 40 kwa kina, unaoipokea mvua kabla haijafika na kuizungusha mbele na nyuma ya grini mpaka unapotea taratibu upande wa chini. Ukingo wa kulia, ule uliojazwa, niliuvuta kwa mita 12 hadi ukakutana na ardhi ya asili bila mstari unaoonekana. Banka likawekwa hapo kulia, kwa sababu ndipo palipokuwa na ukuta wa udongo wa kulibeba. Sikuwa nimepanga uchezaji wowote, lakini shimo lilipata mantiki lenyewe: anayekosea kulia anatua mchangani, na anayekosea kushoto anatua katika mkondo, akilazimika kuupandisha mpira kwa mpigo mdogo juu ya ukingo kuelekea grini inayomkimbia.

Ukubwa nao huchangia sura ya bandia. Grini za uwanja wa Pebble Beach huko California ni ndogo, kwa wastani mita za mraba 325 hivi, wakati uwanja wa Old Course wa St Andrews, Scotland, una grini 11 tu kwa mashimo 18, kwa sababu saba kati yake ni kubwa mno na kila moja huhudumia mashimo mawili. Vyote viwili ni halisi. Kisicho halisi ni grini 18 zenye ukubwa mmoja na umbo moja la figo.

Iwapo malalamiko yako ni kwamba mpira hautulii karibu na bendera, angalia mambo mawili pamoja, yaani mteremko wa mahali pa bendera na kasi ya grini uliyoiweka katika mipangilio. Asilimia 4 huenda ikavumilika kwenye grini za polepole, lakini kwenye kasi ya mashindano makubwa, ambayo kwa kipimo cha Stimpmeter, kifaa kinachoonyesha mpira unabingirika umbali gani kwenye grini, huwa kati ya futi 10 na 13, mpira utapita kitundu na kuendelea na safari. Usiondoe miinuko yote ya grini kwa hofu hiyo. Tafuta maeneo manne au matano yaliyotulia, weka bendera humo, na kwingineko uache ardhi iwe kali kama inavyotaka.

Mabanka yanaonekana yamepigwa mhuri

Chanzo cha kwanza ni kile kile cha vilima: umbo moja la ghala limenakiliwa mara 60 na kuzungushwa. Ukigundua umbo moja linajirudia, na mchezaji ataligundua kufikia shimo la nne, chora upya kwa mstari wa nukta, banka moja moja. Inachosha, na sijaona njia ya mkato.

Chanzo cha pili hakionekani haraka. Banka limekaa mahali ambapo mchanga usingeweza kukaa. Maji yakiingia kutoka juu yatabeba mchanga na kuujaza tope, ndiyo sababu wajenzi huinua mdomo wa upande wa mlimani ili maji yapite pembeni. Katika kihariri inua mdomo huo kwa sentimita 20 au 30 tu, na utashangaa jinsi banka linavyokaa vizuri machoni. Pia inua ukuta wa mbali ili mchanga uonekane kutoka anakosimama mpigaji. Banka lililochimbwa kuelekea chini tu, bila ukuta, huonekana kama mstari wa kahawia kutoka tii, na mchezaji hulijua baada ya mpira wake kutoweka. Kwenye Old Course, wenye mabanka 112, yapo yaliyojificha hivyo, na ukuta wake mwingi hujengwa kwa matofali ya nyasi yaliyopangwa kwa tabaka, kwa kuwa upepo wa pale hupeperusha mchanga wa banka lenye kingo zilizolala. Ukiziiga kuta hizo katika uwanja wa msituni usio na upepo, unaiga jibu la swali ambalo ardhi yako haikuuliza.

Katika suala la kingo, anayefaa kufuatwa ni Alister MacKenzie, daktari aliyetumikia jeshi la Uingereza katika Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini na baadaye akawa mchoraji wa viwanja, Augusta National ukiwemo, ambao aliuchora kwa kushirikiana na Bobby Jones, bingwa wa gofu. Huko vitani alivutiwa na jinsi Makaburu walivyoyaficha mahandaki yao ndani ya sura ya nchi, na akaileta mbinu hiyo katika gofu: kilichojengwa na mtu kisitofautike na kilichokuwapo. Kwa mchoraji wa leo maana yake ni kwamba ukingo wa banka ufuate mstari wa kilima kilicho nyuma yake. Simama kwenye tii, tazama upeo wa macho, kisha chora mdomo wa banka ukipanda panapopanda na kushuka panaposhuka.

Kingo za feawei zinacheza kama nyoka

Nilipohesabu nukta za mstari wa feawei moja ya mita 380, nilikuta 46. Kila nilipoona mahali pabaya niliongeza nukta, na kila nukta mpya ilileta kipinda kipya, nacho kikahitaji nukta nyingine. Nilizifuta zote nikaanza na 14: sita kila upande na moja kila mwisho. Ukingo ulitulia siku ileile.

Kanuni ya kupima ni mashine ya kukata nyasi. Mashine ya feawei ni pana, nayo hukata ikiwa inatembea. Haiwezi kufuata kipinda cha mita tatu. Kipinda chochote ambacho trekta haliwezi kukipita bila kurudi nyuma hakina haki ya kuwapo. Upana wa feawei uwe kati ya mita 25 na 45 kwa sehemu kubwa, na ubadilike kwa sababu: upanuke pale mipira inapotua, usinyae pale ardhi inapobana au banka linapoingilia. Weka ukanda mwembamba wa nyasi za kati, mita 1.5 hadi 2, kati ya feawei na rafu. Ni kitu kidogo, lakini bila huo feawei huonekana kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Kwa uwanja wa nyanda za juu za Afrika Mashariki usitafute tofauti kubwa ya rangi kati ya feawei na rafu. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda hizo na ambazo zimesafiri hadi uwanja wa Riviera kule Los Angeles, husongamana, zina kijani cha kung'aa, na zikikatwa au zikiachwa hubaki na sura ya jamaa mmoja. Rafu yake inatisha kwa msongamano wake hata ikiwa fupi. Anayepaka rafu ya manjano ndefu inayopepea pembeni mwa feawei za Nairobi ameagiza nyasi kutoka Scotland.

Miti imesimama gwaride

Brashi ya kupanda miti husambaza kwa nafasi zinazolingana, na hapo ndipo gwaride linapoanzia. Tumia brashi kwa msitu wa mbali tu. Miti iliyo ndani ya mita 40 kutoka feawei ipande kwa mkono, katika makundi yasiyolingana, ukibadilisha kimo na mzunguko wa kila mti, na uache mianya ambayo mtu anaweza kuona shimo jirani kupitia humo.

Kimo ndicho kinachosaliti zaidi. Mlingoti wa bendera una takriban mita 2. Utumie kama rula. Mnazi uliokomaa hufika mita 20 na zaidi, na mbuyu mkubwa hukaribia kimo hicho huku shina lake likiwa pana kama chumba. Uwanja wa pwani ya Kilifi wenye mibuyu ya mita 6 huonekana kama bustani ya vyungu. Tena mibuyu haikai mistari miwili kando ya njia. Husimama mmoja hapa na mwingine kule, na mjenzi mwenye busara hupinda feawei kuizunguka. Miti ya mabondeni iwe mirefu na iliyosongamana kuliko ya migongoni, kwa sababu maji yako chini. Mjakaranda ni mgeni aliyepandwa na watu, kwa hiyo mahali pake ni karibu na jengo la klabu, njiani na kwenye tii, wala si katikati ya msitu.

Bwawa limeelea juu ya nchi

Hili ni la haraka. Ikiwa ufuo wa bwawa uko juu kuliko ardhi ya upande mmoja, ongeza tuta la bwawa upande huo au ulihamishe bwawa hadi sehemu ya chini ya bonde. Ikiwa ufuo umenyooka kama rula, ardhi inayoingia majini imekatwa kwa pembe moja. Ilaze zaidi mahali kijito kinapoingilia na uiache kali upande wa pili. Katika vihariri vyenye kimo kimoja tu cha maji kwa uwanja mzima, usijaribu kuweka mabwawa mawili yenye vimo tofauti kwa ujanja. Weka moja.

Ardhi iliyoletwa kutoka kwenye ramani ina ngazi au matuta yasiyoeleweka

Wapo wanaoingiza vipimo vya nchi halisi kwa kutumia zana za nje ya mchezo. Kwa viwanja vya Marekani na Uingereza kuna vipimo vya leza vilivyopigwa kutoka ndegeni, vyenye usahihi wa mita 1 au karibu na hapo, na kwa hivyo unaweza kuona hata kingo za mabanka. Matuta yasiyoeleweka katika vipimo hivyo mara nyingi ni miti au majengo ambayo hayakuchujwa. Hakikisha umechukua tabaka la ardhi tupu, si la juu ya vitu.

Kwa Kenya na Tanzania wengi huangukia data ya rada iliyokusanywa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, ambayo kila alama yake inawakilisha mraba wa mita 30 hivi kila upande. Grini nzima ya mita 28, kama ile ya shimo langu la saba, inaingia ndani ya alama moja. Basi ngazi unazoziona hazitokani na kosa lako, na kulainisha hakutakurudishia kile ambacho hakikupimwa. Zaidi ya hayo, rada ile husoma kimo cha matawi penye msitu mzito, kwa hiyo msitu hugeuka kuwa kilima. Itumie data hiyo kwa mabonde makubwa pekee, ulainishe kwa nguvu, ushushe ardhi chini ya misitu, kisha uchore grini, tii na mabanka kwa mkono huku ukitazama picha za setilaiti na picha zilizopigwa kutoka usawa wa macho.

Kila kitu kiko sawa, lakini mahali hapafanani na mahali

Tazama jua. Nairobi iko karibu digrii 1 kusini mwa ikweta, na adhuhuri vivuli vyake hujikunja chini ya miguu. St Andrews iko digrii 56 kaskazini: katikati ya Juni jua la adhuhuri hupanda hadi digrii 57 tu juu ya upeo, na mwishoni mwa Desemba halizidi 10 na ushei. Uwanja wa Kiafrika wenye vivuli virefu vya rangi ya dhahabu saa sita mchana utamsumbua mtazamaji hata kama hawezi kutaja kinachomsumbua. Ukitaka vivuli virefu kwa ajili ya kuonyesha miinuko ya grini, na ni haki yako kuvitaka, chagua saa moja asubuhi au saa kumi na moja na nusu jioni, na uweke ukungu mwepesi mabondeni ikiwa ni asubuhi ya nyanda za juu.

Anayechora uwanja wa zamani wa bara ana la ziada la kuzingatia. Baadhi ya viwanja vya Afrika Mashariki havikuwa na grini za nyasi. Vilikuwa na brauni, yaani duara la mchanga uliochanganywa na mafuta na kusawazishwa baada ya kila kundi kupita. Ukiiga sura hiyo kwa kutumia uso wa banka, mpira utafanya kama uko bankani. Ni afadhali kubaki na uso wa grini na kuchagua mandhari yenye nyasi kavu kabisa.

Kipimo cha kumbukumbu kimejaa kabla ya shimo la 18

Chanzo karibu kila mara ni miti isiyoonekana. Simama kwenye kila tii, kisha katikati ya kila feawei, kisha kwenye kila grini, na utazame pande zote. Mti ambao hauonekani kutoka popote kati ya hapo uufute. Halafu angalia vitu vidogo vya mapambo, kama mawe, maua na majani, vilivyotawanywa mbali zaidi ya mita 60 kutoka njia ya mchezaji, navyo uviondoe. Ikiwa bado nafasi haitoshi, punguza nukta za mistari ya feawei kama ilivyoelezwa hapo juu, kwa kuwa nazo huhesabiwa. Maumbo ya ardhi yaliyochongwa kwa brashi ndiyo ya mwisho kuguswa, na kwa uwanja uliochorwa kuanzia mabondeni sijawahi kulazimika kufika huko.